Nikikubali kisu, nitakuwa nimemkana Mungu?

Shikamoo Mama. Bwana asifiwe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimeolewa, naishi Makambako. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka mmoja na nusu, na sasa nina ujauzito wa miezi minane. Huyo wa kwanza nilimpata kwa upasuaji. Nilishinda na uchungu zahanati tangu asubuhi, nikakesha nao, kesho yake jioni ndipo nikahamishiwa hospitali. Huko wakasema njia haifunguki na mtoto amechoka. Nesi mmoja akaniambia nina nyonga nyembamba. Mtoto sikumwona mpaka siku iliyofuata.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Waliponiletea, sikusikia kitu moyoni. Nilimtazama kama mtoto wa jirani aliyeachwa kwangu kwa muda. Maziwa yalichelewa, usiku nikawa nalia bila sababu, na hali hiyo ikaendelea miezi kama miwili. Watu wakija na kusema hongera, moyoni nasema hongera hiyo mpelekeeni daktari.

Sasa kliniki daktari amesoma kadi yangu, akasema mimba imekuja mapema, mshono bado mchanga, nitazaa tena kwa upasuaji. Tarehe nimepewa. Mama mkwe nilipomwambia alicheka, akasema wao walizaa shambani wakarudi kumalizia tuta. Wifi yangu naye kila akija anamshika mtoto mkono, anasema nimembemenda, yaani mimba hii imemdhuru, ndiyo maana amekonda.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonivuruga ni kanisani. Tuna kikundi cha maombi cha akina mama, na anayekiongoza ni mtu ninayemheshimu sana. Aliposikia habari ya tarehe akaniambia, "Kataa kwa jina la Yesu." Akanisomea Kutoka 1:19, kwamba wanawake wa Kiebrania ni hodari, huzaa kabla mzalishaji hajafika. Kisu ni cha Wamisri, akasema. Akaniambia uchungu umeagizwa na Mungu katika Mwanzo 3:16, na anayeukwepa anakwepa neno la Mungu. Mwenzetu mmoja akashuhudia jinsi alivyoambiwa atapasuliwa, akafunga na kuomba, akazaa kwa kawaida daktari akiwa bado njiani. Kanisa lilisimama kwa vigelegele. Mimi nilipotoa sadaka yangu ya shukrani mwaka ule, nilirudi kuketi kimya kimya.

Basi tumepanga hivi. Uchungu ukianza kabla ya tarehe, naenda kwa huyo mama, tunaomba pamoja, halafu hospitali niende nikiwa nimeshafika mwisho, ili hata wakitaka kunipasua wasiweze. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nyingi yuko njiani kwenda Tunduma na kurudi. Anajua kuna tarehe. Mpango huu haujui.

Nisaidie, Mama. Nikikubali kisu, nitakuwa nimemkana Mungu? Na mwanamke ambaye hajawahi kuzaa mwenyewe, ni mama kweli?

Mama wa mtoto mmoja, Makambako

*

Marahaba, mwanangu. Amina.

Maswali yako mawili nitayajibu, lakini kwanza tuongee habari ya ule mpango, kwa sababu wewe una miezi minane na barua haina mbio. Usiende kwa huyo mama uchungu ukianza. Nenda hospitali, saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na uchungu wenyewe bado ni wa kubabaisha.

Nimezalisha wanawake kwa miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hiyo nakueleza kilichomo tumboni mwako. Pale walipokata mara ya kwanza pana kovu kwenye mfuko wa uzazi. Kovu halivutiki kama nyama nzima. Uchungu unapokaza saa baada ya saa na mtoto hashuki, kovu linaweza kuachia. Mfuko ukipasuka, damu inamwagikia ndani, nje unaweza usione hata tone, na mtoto anakosa hewa ndani ya dakika chache. Hapo hata mwenye thieta mlango wa pili anakimbia, sembuse wewe uliye sebuleni kwa watu, unasubiri bodaboda. Na hilo la "kufika mwisho ili wasiweze kunipasua" halipo. Mtoto aliyekwama hutolewa kwa upasuaji hata kichwa kikiwa chini; tofauti ni kwamba wanampasua mama aliyeishiwa nguvu, pengine kwa mtoto aliyekwisha kufa. Wengine wanaopona katika kukwama huko wanabaki na fistula, mkojo unatiririka mchana na usiku. Nimewaona. Wanakaa kiti cha nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, ili harufu isiwasumbue wenzao.

Sisemi kwamba aliyepasuliwa mara moja lazima apasuliwe siku zote. Wapo wengi waliozaa kwa kawaida baada ya upasuaji, na huyo mwenzenu aliyeshuhudia simwiti mwongo. Lakini jaribio hilo hufanyika hospitalini, thieta ikiwa tayari, damu ipo, mkunga anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila mara. Na si kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke akishajifungua akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Wewe kwa hesabu ya barua yako ulikaa kama miezi kumi. Ukijumlisha na kwamba mara ya kwanza njia ilikataa kabisa, naona kwa nini daktari ameamua alivyoamua. Hata hivyo una haki ya kumuuliza, na umuulize: mara ile shida ilikuwa nini hasa, nyonga au mtoto alikaa vibaya? Kovu langu ni la namna gani? Nikijaribu kwa kawaida, hatari yake ni ipi? Neno la nesi kwamba una nyonga nyembamba lisikutoshe, maana hilo huwa tunalitamka kirahisi mno, na kuna wanawake wameambiwa hivyo kwa sababu tu ni wafupi.

Sasa Biblia, maana nyinyi mmeshindana kwa Biblia.

Kutoka 1:19 isome kuanzia mstari wa 15. Waliosema maneno yale ni wazalishaji wawili, Shifra na Pua, wakimjibu Farao aliyewaamuru waue kila mtoto wa kiume. Walikuwa wanaficha watoto wa watu. Walitoa jibu la kumziba mfalme mdomo, wakapona. Mtu anayelichukua jibu hilo na kulifanya ahadi kwa kila mjamzito aliyeokoka amekosea mlango. Na tazama Mungu anambariki nani katika habari hiyo: mistari ya 20 na 21, anawatendea mema wazalishaji. Farao mwenyewe hatajwi hata jina, lakini wakunga wawili wameandikwa kwa majina yao mpaka leo. Sura ile ni yetu sisi tunaovaa gauni nyeupe, si ya kutukimbia.

Halafu fungua Mwanzo 35:16. Raheli, mke mpendwa wa Yakobo, mama yake Yusufu, yuko njiani kwenda Efrathi. Utungu wake ukawa mzito. Mkunga yupo, anamtia moyo asiogope, mtoto mwanamume anakuja. Mtoto akaja, Benyamini, na Raheli akafa, akazikwa njiani. Mwulize kiongozi wako kwa heshima: Raheli alipungukiwa na imani? Hakuwa Mwebrania? Mimi naamini siku ile angekuwepo mtu mwenye ujuzi wa kumwokoa, Yakobo angeuza ng'ombe wote amlipe.

Kuhusu ushuhuda, nitasema neno ambalo huenda likawaudhi wengine. Aliyekataa upasuaji akazaa salama atasimama mbele na kushuhudia. Aliyekataa akafa hasimami. Kwa hiyo kanisani tunasikia upande mmoja tu, Jumapili hadi Jumapili, mpaka tunadhani hakuna upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta nchini kwetu wanawake 556 wanafariki kwa uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Wale wa takwimu ya kwanza nao walikuwa na makanisa, wengi waliombewa. Idadi haikushuka kwa wanawake kujificha hospitali isiwaone.

Na Mwanzo 3:16? Hapo hapo, mstari wa 17 hadi wa 19, mwanamume naye anaambiwa ardhi itamzalia michongoma na miiba, atakula kwa jasho la uso wake. Sijawahi kusikia mchungaji akikemea trekta. Hakuna aliyemwambia mkulima wa Njombe kwamba dawa ya magugu ni kukwepa neno la Mungu. Tunakubali mwanamume apunguziwe jasho. Kwa nini mwanamke asipunguziwe uchungu? Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1847, daktari Simpson wa Edinburgh alipoanza kutumia dawa ya usingizi kwa wanawake wenye uchungu, wapo waliomtolea andiko hilohilo. Akawajibu kwa Mwanzo 2:21: Bwana Mungu alimletea Adamu usingizi mzito kwanza, ndipo akautwaa ubavu wake, akafunika nyama mahali pake. Upasuaji wa kwanza katika Biblia, mwanangu, ulifanywa na nani?

Eti kisu ni cha Wamisri. Mwaka 1879 kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, Robert Felkin, aliyepita na wamisionari wa Kianglikana, alishuhudia Bunyoro, katika Uganda ya leo, waganga wenyeji wakimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Walimnywesha pombe ya ndizi mpaka akalewa, wakaosha kwa pombe hiyo mikono na tumbo, wakamtoa mtoto, wakazuia damu kwa chuma cha moto, wakashona kwa pini za chuma. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga. Watu wa huku kwetu walikuwa wanawaokoa akina mama kwa kisu kabla zahanati za leo hazijajengwa. Hakuna Mmisri hapo.

Makanisa mengi nayo hayaoni thieta ni adui. Hapo karibu na wewe, Ilembula, Walutheri wana hospitali. Mvumi ni ya Waanglikana. Bugando iko chini ya Wakatoliki. Waliotuletea kitabu hicho mnachosomeana ndio waliojenga wodi ya wazazi kando ya kanisa, na hawakuona ugomvi kati ya majengo hayo mawili. Halafu kumbuka, aliyetuandikia kwa kirefu kuliko wote habari za mimba ya Elisabeti na mimba ya Mariamu ni Luka, na Paulo katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu mpendwa.

Kwa hiyo hapana, hujamkana Mungu. Ombeni, tena ombeni sana. Waambie wenzako wafunge siku ya tarehe yako, waje wakae nje ya wodi, waimbe taratibu wasije wakafukuzwa na mlinzi. Huyo mama kiongozi simhesabu mtu mbaya. Anakupenda, ila anatoa ushauri wa kitabibu kwa mamlaka ya kiroho, na wewe si wa kwanza wala hutakuwa wa mwisho kumsikiliza. Kwa ajili ya hao wengine, mweleze mchungaji wako au mama mchungaji mlichokuwa mmepanga. Si kumshitaki. Mwambie tu jinsi ilivyokuwa.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara nyingi.

Ulishinda na uchungu mchana, ukakesha nao usiku, ukashinda nao tena, wakakupasua, ukazinduka bila mtoto pembeni, mwili mzima unauma, maziwa hayajashuka. Halafu unashangaa kwamba furaha haikuja siku hiyo? Mwili ulikuwa umechoka na akili imechoka. Kile kilio cha usiku kisicho na sababu, kilichodumu miezi miwili, si kukosa upendo na si pepo. Ni sonona ya baada ya kujifungua, huwapata wanawake waliozaa kwa njia yoyote ile, wa kawaida wamo, na ina tiba. Safari hii ikirudi na kupita wiki mbili, au ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usinyamaze tena. Mwambie nesi, mwambie mumeo, rudi hospitali.

Biblia yenyewe haijatusingizia sisi akina mama kwamba hisia zetu hazichoki. Isaya 49:15 inauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, nami ningetegemea jibu liwe hapana. Jibu ni "Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Mungu alijua ile wodi uliyolala. Na katika Luka 11:27 kuna mwanamke alipaza sauti katikati ya watu, akalisifu tumbo lililomzaa Yesu na maziwa aliyonyonya. Yesu hakumkemea, ila aliwataja kuwa heri wale walisikiao neno la Mungu na kulishika. Kama tumbo la Mariamu mwenyewe halikufanywa kipimo cha heri ya mwanamke, mshono wako utakuwaje kipimo? Nina rafiki hajazaa kabisa, amelea watoto wa dada yake, na ukienda kwake jioni unawakuta wanagombania kukaa karibu naye.

Uzuri wa upasuaji wa tarehe ni kwamba huendi umechoka. Mara nyingi watakuchoma sindano ya mgongoni, kuanzia kifuani kwenda chini utakufa ganzi, lakini macho yako wazi na utamsikia mtoto akilia. Waambie mapema, kabla hujaingia thieta, kwamba unataka awekwe kifuani kwako mara hali zenu zikiruhusu, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Wengi hawaulizi, na manesi wakizidiwa na kazi hawakumbuki.

Huyo mkubwa hujambemenda. Mimba mpya haimtii mtoto sumu. Mara nyingi kinachokondesha ni kuachishwa ziwa mapema bila kuongezewa chakula. Mpe uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa, yai, maziwa, maharage yaliyopondwa, parachichi ambalo kwenu ni bure, na kadi yake ipelekwe apimwe uzito. Wifi akija tena kumshika mkono, mpe kijiko amlishe.

Mumeo mpigie leo, popote alipo barabarani. Mwambie mpango wote, hata sehemu inayokutia aibu, na mwombe awe nyumbani wiki ya tarehe. Apange na ndugu wawili watatu wa kuchangia damu. Namba ya mwenye gari anayekubali kuamka usiku iwe kwenye simu yako na kwenye ya jirani. Ukiona damu, chupa ikipasuka, maumivu pale kwenye mshono yasiyoachia, kichwa kinachogonga na macho kuona maruweruwe, au mtoto amepunguza kucheza, usisubiri tarehe wala mume.

Ukirudi nyumbani, mama mkwe atataka kukukanda kwa maji ya moto kama alivyokandwa yeye. Mpokee kwa heshima, akukande mgongo na miguu, lakini tumbo na kidonda asiviguse mpaka hospitali waseme. Ndoo za maji usibebe, na huyo wa mwaka mmoja na nusu utamkumbatia ukiwa umekaa. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au ukipata homa, rudi. Na kabla hamjaondoka wodini wewe na mumeo ulizeni habari ya uzazi wa mpango, kovu lipate kupumzika safari hii.

Mumeo akikataa kuja kliniki, au huyo mama kiongozi akikufuata nyumbani kukutisha, niandikie upesi kabla ya tarehe.